Kwenda Sokoni Bila Kusema Neno

Jumamosi ya kwanza niliyokwenda kununua chakula peke yangu mjini Hamburg, nilirudi nyumbani na mifuko miwili iliyojaa, na nilipokuwa nikipanda ngazi ndipo nilipotambua kwamba tangu nilipoingia dukani hadi nilipotoka sikuwa nimesema na mtu yeyote, isipokuwa kumwitikia keshia salamu yake. Alisema "Moin," salamu ambayo watu wa Hamburg huitumia asubuhi, mchana na usiku, nami nikajibu vivyo hivyo, nikalipa, nikaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa baridi, kwa lugha na kwa giza la saa kumi jioni mwezi wa Desemba, lakini hakuna aliyenieleza kwamba mtu anaweza kununua chakula cha wiki nzima bila kufungua kinywa. Mimi nimekulia Tandika, Dar es Salaam, na kwetu sokoni huendi kimya.

Mama yangu alikuwa na watu wake pale. Alikuwa na mama mmoja wa nyanya na vitunguu, kijana mmoja wa viazi, na mzee wa nazi ambaye aliitikisa kila nazi karibu na sikio kabla ya kumpa. Salamu zilitangulia, kisha habari za watoto, kisha ndipo bei ilipoulizwa, na bei ya kwanza kutajwa haikuwa bei ya kununulia. Walipokwisha kukubaliana, mama alibaki amesimama pale pale, mfuko ukiwa wazi, akasema, "Haya, niongezee." Muuzaji akadondosha nyanya mbili ndogo juu ya lile fungu. Nyongeza hiyo ndiyo iliyomrudisha kesho yake kwa muuzaji yule yule, hata kama jirani yake alikuwa na fungu kubwa zaidi. Nilipoanza kujitegemea nilifanya kama alivyofanya yeye, na nilidhani kwamba hivyo ndivyo watu wote duniani wanavyonunua nyanya.

Huku bei haiulizwi. Inasomwa, na kusoma kwenyewe kuna elimu yake. Kwenye kibandiko cha bei kilichopo ukingoni mwa shelfu kuna tarakimu kubwa, ambayo ndiyo utakayolipa, na chini yake kuna tarakimu ndogo sana ambayo ndiyo yenye maana zaidi, kwa kuwa inaonyesha bei ya kilo moja au lita moja ya bidhaa ile. Sheria ya Ujerumani inamlazimu mwenye duka kuionyesha. Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikilinganisha pakiti ya mchele ya gramu 500 na nyingine ya kilo moja kwa kutazama tarakimu kubwa peke yake, na mara nyingi nilichukua ile iliyonigharimu zaidi nikidhani nimeokoa. Sasa macho yangu huanzia chini. Nilikuwa pia na mazoea mengine yaliyonitesa, nayo ni kuzidisha kila bei kwa 2,700 ili niipate kwa shilingi. Embe moja la euro 1.99 lilikuwa zaidi ya shilingi 5,000 kichwani mwangu, na nililirudisha kwenye sanduku lake kana kwamba limeniunguza mkono. Mtu anayepata mshahara wake kwa euro na kulipa kodi ya nyumba kwa euro hana budi kuacha hesabu hiyo mapema, maana humfanya alale na njaa katikati ya chakula.

Mayai ndiyo yaliyonifundisha kwamba maandishi haya madogo yanaweza kuwa aina ya mazungumzo. Kila yai limepigwa muhuri kwenye ganda lake. Tarakimu ya kwanza inaeleza kuku alivyofugwa: 0 ni ufugaji wa kikaboni, 1 ni kuku anayetoka nje kwenye uwanja, 2 ni kuku wa bandani asiyefungiwa kwenye vizimba, na 3 ni kuku wa vizimba. Herufi mbili zinazofuata ni za nchi, DE kwa Ujerumani, na baada yake kuna tarakimu mbili za jimbo, ambapo 02 ni Hamburg yenyewe na 03 ni jirani yetu Niedersachsen. Zilizobaki zinaelekeza hadi shambani na bandani. Tandika nilichagua kati ya yai la kienyeji na la kisasa kwa kutazama ukubwa na rangi, na kwa neno la muuzaji aliyeapa kwamba kuku wake wanajitafutia wenyewe. Hapa yule muuzaji hayupo, na neno lake limeandikwa kwenye ganda. Nimesimama jikoni zaidi ya mara moja nikiwa na yai mkononi, nikilisoma kama mtu asomaye barua.

Tarehe nazo ni mbili, na kuzichanganya ni hasara. Ile inayoandikwa kwamba bidhaa hudumu angalau hadi siku fulani haimaanishi kwamba siku ya pili yake chakula kimeharibika. Mtindi uliopitisha siku tatu bado ni mtindi mzuri, ukiutazama na kuunusa kwanza. Ile nyingine, inayoagiza kwamba kitu kitumiwe kabla ya siku fulani, huwekwa kwenye vitu kama nyama ya kusaga na kuku mbichi, na hiyo haina mjadala. Nilitupa vyakula vingi vizima kabla sijajua tofauti hiyo, na bado inaniuma.

Unga ulinichukua muda mrefu kuliko vyote. Shelfu ya unga wa ngano ina pakiti za kilo moja zilizoandikwa namba: 405, 550, 1050. Namba hizo hupima majivu, yaani miligramu za madini yanayobaki baada ya gramu 100 za unga kuchomwa kabisa, kwa hiyo kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo unga unavyokuwa umebakiwa na sehemu kubwa zaidi ya ganda la ngano. Mimi nilidhani namba kubwa ni daraja la juu. Nilikanda chapati kwa 1050, zikatoka za kahawia na nzito, na mume wangu akazila bila kusema neno, jambo lililonisikitisha kuliko angesema. Kwa 405 zinakuwa laini, na kwa 550 donge linavutika vizuri zaidi wakati wa kusukuma. Mimi siku hizi huchanganya nusu kwa nusu. Nayaandika haya kwa kirefu kwa sababu najua kuna dada fulani, mahali fulani Ujerumani, amesimama mbele ya shelfu hiyo leo hii.

Ugali ulikuwa na habari yake. Unga wa mahindi unaouzwa katika supamaketi za kawaida ni wa manjano, na mara nyingi umesagwa kwa chenga kubwa kwa ajili ya chakula cha Kiitaliano. Ugali wake unashikana, lakini ladha na rangi havimdanganyi mtu aliyekula sembe maisha yake yote. Watanzania wengine hapa hupika kwa semolina ya ngano na wameridhika. Mimi sikuridhika, nikaelekezwa niende mtaa wa Steindamm, karibu na stesheni kuu ya treni, ambako maduka ya Waturuki, Waarabu, Waafghani na Waafrika yamepangana pande zote mbili za barabara. Nilipoingia huko mara ya kwanza nilisimama njiani kwa dakika kadhaa, nikinusa tu. Kulikuwa na bamia, kotimiri ya mafungu makubwa, tangawizi isiyofungwa kwenye plastiki, na mbilingani ambazo mtu aliruhusiwa kuzigeuzageuza kwa mikono yake.

Katika duka moja la Kiafrika niliinama ndani ya friza nikitafuta kisamvu. Pakiti zilikuwa zimeandikwa kwa Kifaransa, na nilichoweza kusoma ni neno pondu. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu, mwenye kitenge kilichofungwa juu ya koti zito la baridi, alinitazama nikiigeuzageuza ile pakiti, kisha akasema kwa Kiswahili, "Ile ni sombe, dada. Wameisha kuitwanga." Nilishtuka hadi nikaiachia pakiti ikaanguka ndani ya friza. Alikuwa mtu wa Bukavu. Mimi nikasema kisamvu, yeye akasema sombe, na kumbe tulikuwa tukitaja majani yale yale ya muhogo yaliyotwangwa. Nilimwambia kwamba sisi hutia nazi. Yeye akasema kwao hutia mawese, na akanionyesha chupa ya mawese iliyokuwa chini kabisa ya shelfu. Alinieleza pia kwamba unga mweupe hufika siku za Alhamisi na unaisha haraka, na kwamba nikimsalimia vizuri mwenye duka ataniwekea mfuko mmoja pembeni. "Umwambie mama wa Bukavu ndiye amekutuma," akasema. Nilifanya hivyo, na tangu siku hiyo unga wangu huwekwa. Sikumbuki mara nyingine niliyotoka dukani katika mwaka ule wa kwanza nikiwa na furaha kiasi kile.

Katika supamaketi, mahali panapomchosha mgeni ni penye malipo. Keshia ameketi, na mikono yake inapitisha bidhaa kwa kasi ambayo sijapata kuiona kwingine, na hakuna mtu wa kukufungashia. Unaweka vitu vyako kwenye mkanda unaotembea, unaweka kile kijiti cha kutenganisha ili vitu vya aliye nyuma yako visichanganyike na vyako, kisha unakimbilia upande wa pili kuvipokea. Wazoefu huweka vizito kwanza, chupa na viazi, na vyepesi mwisho, ili vifike mkononi kwa utaratibu wa kuingia mfukoni. Kuna maduka ambako keshia ndiye anayepima matunda na mboga, na kuna mengine ambako mteja hupima mwenyewe kwa kubonyeza namba ya bidhaa kwenye mzani na kubandika karatasi inayotoka. Mara ya kwanza nilifika kwa keshia na nyanya ambazo hazikupimwa, foleni ikiwa ndefu nyuma yangu, akaziweka pembeni na kuendelea na mteja mwingine. Hakunitolea neno baya, lakini nililia njiani nikirudi nyumbani. Naliandika jambo hili kwa uwazi kwa sababu wengi huona aibu kusema kwamba kilichowaliza ugenini ni nyanya.

Chupa, kwa upande mwingine, zilinifanya nijisikie niko kwetu. Tangu mwaka 2003 Ujerumani hutoza amana ya senti 25 kwa makopo na chupa za kutumiwa mara moja, na chupa za kioo zinazojazwa tena zina amana yake ndogo zaidi, kwa mfano senti 8 kwa chupa nyingi za bia. Unairudisha chupa kwenye mashine iliyo mlangoni, inaizungusha, inasoma alama yake, na mwishoni inakupa karatasi ya kumkabidhi keshia ili apunguze kiasi hicho kwenye hesabu yako. Majirani zangu Wajerumani hunieleza utaratibu huu wakidhani ni mpya kwangu, ilhali kila mtoto wa Tandika anajua kwamba soda ya chupa hunywewa dukani, au unaacha pesa ya chupa, au unakwenda na chupa tupu mkononi. Wako watu hapa wanaojikimu kwa kuokota chupa hizo, na wapita njia wengi huziweka chini kando ya pipa la taka badala ya kuzitumbukiza, ili mwokotaji asilazimike kuingiza mkono ndani. Tabia hiyo naipenda sana, nami nimeichukua.

Kisha kuna Jumapili. Karibu maduka yote yamefungwa, kuanzia supamaketi kubwa hadi duka la nguo, kwa kuwa katiba ya Ujerumani inailinda Jumapili kama siku ya mapumziko, kwa kifungu kilichochukuliwa kutoka katiba ya zamani ya nchi hiyo, ile ya Weimar ya mwaka 1919. Hamburg inaruhusu maduka kufunguliwa saa zote kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, lakini Jumapili za kufungua hazizidi nne kwa mwaka. Mtu aliyezoea genge la jirani, anayetuma mtoto kununua kitunguu sufuria ikiwa tayari motoni, hupata taabu kweli. Nimewahi kukosa chumvi Jumapili nikiwa na wageni sita, nikapanda treni hadi stesheni kuu, ambako maduka machache yanaruhusiwa kuwauzia wasafiri, nikanunua chumvi kwa bei ya msafiri.

Isipokuwa Fischmarkt. Kule Altona, kandokando ya mto Elbe, soko la samaki hufunguliwa kila Jumapili saa kumi na moja alfajiri wakati wa kiangazi, na saa moja asubuhi wakati wa baridi, na saa tatu na nusu linakwisha. Ruhusa hiyo ilianza mwaka 1703, wakati Altona haijawa sehemu ya Hamburg, ili wavuvi wauze samaki wao kabla hawajaharibika na kabla ya ibada kuanza. Nilipelekwa huko na Mtanzania mwenzangu wakati wa kiangazi, nikiwa na usingizi, na kabla hatujaliona soko tulilisikia. Wauzaji wamepanda juu ya magari yao wakinadi kwa sauti za kukwaruza, wanarusha ndizi kwa watu, wanajaza kikapu samaki wa kuvutwa kwa moshi, mmoja juu ya mwingine, na kila wanapoongeza mmoja wanauliza kama bado mtu anasita. Nilidhani niko Feri, pale Kivukoni, samaki wanaponadiwa mezani. Nilisikia kwamba Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki tangu mwaka 2010, na katika mambo yote yanayotajwa kwenye urafiki huo, mimi ningelitanguliza hili, kwamba kila mji una watu wanaojua kuuza samaki kwa mdomo.

Soko ninalokwenda kila wiki, hata hivyo, ni Isemarkt, ambalo huwekwa Jumanne na Ijumaa chini ya reli ya treni iliyoinuliwa juu ya nguzo za chuma. Treni ya U3 kutoka kwetu Barmbek hunifikisha moja kwa moja, na mvua ikinyesha reli yenyewe ndiyo paa. Huko unasema na mtu. Siku moja niliomba gramu 200 za jibini, mama muuzaji akakata, mzani ukaonyesha 238, akaniuliza kwa upole swali ambalo wauzaji wote wa Kijerumani huuliza, kama inaruhusiwa kuzidi kidogo. Moyo wangu uliruka. Nilidhani hatimaye nimepata nyongeza katika nchi hii, nikamshukuru kwa maneno mengi kuliko jibini lilivyostahili. Bei aliyonitajia ilikuwa ya gramu 238 kamili. Nilisimama kidogo nikitafakari kwamba swali ni lile lile la kwetu, ila huku anayeuliza ni muuzaji, na anayelipa ni mimi. Sikumchukia, kwa kuwa aliuliza na mimi nilikubali. Lakini niliporudi wiki iliyofuata nilimsalimia kwanza, nikamwuliza habari za mgongo ambao nilimwona akiushikashika, na hatukuzungumzia jibini mpaka tulipomaliza. Miezi imepita. Jibini bado hupimwa hadi gramu ya mwisho, na mara kwa mara, baada ya mzani kusomwa na pesa kupokelewa, huniwekea zeituni chache kwenye karatasi.

Mama huuliza kwenye simu kila Jumapili ni kitu gani bado nakikosa, kwa sababu shemeji yangu anakuja mwezi Desemba na begi lake lina nafasi. Nimelazimika kumweleza kwa utaratibu, maana mwaka jana samli na maembe yaliyofungashwa kwa mapenzi makubwa vilichukuliwa na kutupwa vilipofika kwa watu wa forodha. Abiria anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, na samli ni maziwa. Matunda na mboga, tangu Desemba 2019, yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa wakavu waje, na waje wengi. Nazi zenyewe asihangaike nazo, zinapatikana Steindamm, nami huzitikisa sikioni kama yule mzee alivyokuwa akifanya. Ninachokosa ni kitu cha kuzikunia. Nimemwambia mama ampe shemeji ile mbuzi ya zamani iliyo nyuma ya mlango wa jikoni, ya mti, yenye mguu uliopasuka kidogo, na aufunge ule ulimi wake wa chuma kwa kitambaa usije ukatoboa begi.